Kupaka Rangi Makabati ya Jikoni Ikashika

Ukiona rangi ya kabati la jikoni inabanduka, tazama inabandukia wapi. Karibu kila mara ni sehemu zilezile: kuzunguka vishikio, kwenye ukingo wa chini wa mlango wa sinki, na kwenye milango iliyo karibu na jiko. Hapo ndipo mikono, maji na mvuke wa mafuta hufika kila siku. Wengi hulaumu kopo la rangi, wakanunua la bei kubwa zaidi, wakapaka juu ya ile iliyobanduka, na baada ya miezi michache hali ikarudi palepale. Rangi ya bei ya kawaida ikipakwa kwenye mbao safi, kavu na zilizopigwa msasa hukaa miaka. Rangi ghali ikipakwa juu ya mafuta ya kupikia haikai.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe, na pia wa yule atakayempa fundi lakini anataka kujua nini cha kukagua. Sehemu kubwa inahusu mambo yanayofanyika kabla kopo halijafunguliwa, kwa kuwa huko ndiko kazi inakoharibikia au kufaulu. Na kazi yenyewe inastahili jasho. Kabati la mbao halisi, hata likiwa limechakaa sura, likiwa na viungo imara ni mali. Kulitupa ili ununue la chipbodi linalovimba likipata maji ni hasara kwa familia na kwa misitu yetu.

Jua unachokipaka

Kabla ya kwenda dukani, chunguza kabati lako ni la mbao gani na lina nini juu yake.

Mbao za paini, zile nyingi zinazotoka Mafinga na mashamba ya Sao Hill, ni laini, nyeupe, na zina mafundo. Kila fundo lina utomvu unaoweza kupenya rangi na kutokeza doa la njano au kahawia miezi kadhaa baadaye. Saiprasi, inayotumika sana Kenya na mikoa ya kaskazini mwa Tanzania, ina tabia hiyohiyo.

Mninga una rangi yake ya asili, nyekundu kahawia, na rangi hiyo huyeyuka. Ukipaka rangi nyeupe ya maji moja kwa moja juu ya mninga, baada ya siku chache utaona weupe umegeuka waridi au hudhurungi. Mvule una kemikali ya asili inayochelewesha rangi ya mafuta kukauka, na msaji una mafuta yanayozuia rangi kushika. Mbao hizi zote zinapakika, ila kila moja inataka praima yake, kama utakavyoona mbele.

Hapa nisemee jambo moja kwa mwenye kabati la mninga au mvule ambalo halijawahi kupakwa rangi. Ukishapaka, kurudisha uso wa mbao ni kazi ngumu sana, maana rangi huingia kwenye vinyweleo vya mbao. Kama tatizo lako ni vanishi iliyofubaa tu, fikiria kuikwangua na kupiga vanishi upya. Paka rangi pale tu unapotaka sura mpya kwa dhati, au pale kabati lilipochanganya mbao za aina mbalimbali.

Milango ya MDF nayo hupakwa vizuri, ila kingo zake zilizokatwa hunywa rangi kuliko uso, na MDF iliyokwisha kuvimba kwa maji haiponi. Badilisha mlango huo kabla hujaanza, kwani ukiufunika kwa rangi uvimbe utaonekana zaidi.

Sasa chunguza rangi ya zamani. Chukua pamba, ichovye kwenye spiriti, usugue sehemu iliyofichika, kwa mfano nyuma ya mlango. Rangi ikilainika na kuchafua pamba, ni ya maji, au ni polishi ya shelaki. Isipobadilika, jaribu kwa tina. Ikiyeyuka mara moja na kunata, ni ile ya kupulizwa ambayo mafundi wa samani huiita NC. Ikibaki kama ilivyo au ikajikunja polepole, kwa kawaida ni rangi ya mafuta. Jibu hili ni muhimu: ukipaka NC juu ya rangi ya mafuta, tina yake kali huinyanyua rangi ya chini ikajikunja, na itabidi ukwangue yote.

Rangi za zamani na madini ya risasi

Kama kabati limepakwa rangi miaka mingi iliyopita, chukulia kwamba huenda ina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yanapendekeza kiwango kisichozidi sehemu 90 kwa kila sehemu milioni za rangi, lakini rangi nyingi za zamani zilikuwa mbali sana juu ya hapo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na njia yake ya kuingia mwilini ni vumbi la msasa linalotua sakafuni, kwenye vyombo na mikononi.

Kwa hiyo rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, na usiichome kwa moto ili ikwanguke. Tumia msasa wa maji, lowesha uso, futa tope kwa tambara kabla halijakauka, kisha tambara hilo lifunge kwenye mfuko na ulitupe. Watoto na mjamzito wasiwepo karibu mpaka pamepigwa deki. Unaponunua rangi mpya, soma kopo na uchague iliyoandikwa kwamba haina risasi.

Chagua majira na upange mapishi

Rangi hukauka kulingana na hewa. Watengenezaji wengi hukataza kupaka unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, na pwani wakati wa masika kiwango hicho hufikiwa kwa urahisi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, wakati mzuri ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, mvua ikiwa imekatika na joto limepungua. Kwa mkazi wa Nairobi, Arusha au Moshi ni kinyume: Juni na Julai ni miezi ya baridi na mawingu, rangi huchelewa kukauka, na Januari na Februari ndiyo miezi mizuri.

Katika siku yenyewe, anza umande ukishakauka, kama saa tatu asubuhi, na uache kupaka ifikapo saa tisa alasiri. Rangi ya mafuta ikikutwa na unyevu wa usiku kabla haijashika hupoteza mng'ao na kuwa na ukungu. Usipake juani pia. Jua hukausha uso wa rangi haraka huku chini kukiwa kubichi, na matokeo yake ni malengelenge.

Panga kazi kwa siku 7 hadi 10, na upange pia familia itapikia wapi. Kama una jiko la nje au baraza, hamishia mapishi huko. Hili ni la usalama pia. Mvuke wa tina na tapentaini ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, na unaweza kuufikia moto wa mkaa au wa gesi ulio mbali nawe kwa hatua kadhaa. Siku za kupaka, funga mtungi wa gesi, usiwashe moto jikoni, na fungua madirisha yote.

Fungua kila kinachofunguka

Usipake milango ikiwa imening'inia. Ondoa vyombo vyote, chomoa droo, fungua milango, kisha toa vishikio, vitasa na bawaba. Rangi inayopakwa juu ya bawaba hupasuka siku ya kwanza mlango unapofunguliwa, na ufa huo hupitisha maji.

Kila mlango, mara tu ukiutoa, upe namba. Andika namba kwa kalamu kwenye shimo la bawaba, kisha bandika juu yake kipande cha tepu ili rangi isiifunike, na namba hiyohiyo iandike ndani ya fremu. Milango miwili inayoonekana sawa kabisa mara nyingi hutofautiana kwa milimita mbili tatu, na ikibadilishana nafasi haitafunga. Skrubu na bawaba za kila mlango ziweke kwenye mfuko wake wenye namba.

Ndani ya kabati si lazima kupaka. Kama rafu ni safi, ziache, utaokoa rangi na utaepuka harufu inayokaa muda mrefu mahali pasipo na hewa, karibu na unga na mchele.

Kuosha ndiko kunakoamua

Pitisha kidole juu ya ukingo wa mlango ulio juu ya jiko. Utahisi utando wa kunata, wa rangi ya kahawia, mchanganyiko wa mvuke wa mafuta ya kupikia, moshi na vumbi. Utando huo uko pia mahali usipoonekana kwa macho. Watu wengi huanza na msasa wakidhani utauondoa. Msasa hauuondoi, huusukuma ndani ya mikwaruzo ya mbao, na kutoka hapo hautoki tena. Ndiyo maana kuosha kunatangulia msasa, siku zote.

Tengeneza maji ya moto yenye sabuni ya unga. Kwa milango ya karibu na jiko ongeza magadi, kama vijiko viwili vikubwa kwa lita 4 za maji, kwa sababu magadi hukata mafuta kuliko sabuni peke yake. Vaa glavu. Sugua kwa sponji lenye upande mgumu, kipande kwa kipande, ukitumia mswaki wa zamani kwenye kona na michirizi ya mapambo. Usimwage maji mengi; mbao zikiloa sana huvimba na nyuzi zake husimama. Badilisha maji yanapochafuka, maana maji yenye mafuta yanarudisha mafuta palepale.

Kisha suuza mara mbili kwa maji masafi. Mabaki ya sabuni na magadi huzuia rangi kushika kama mafuta yenyewe.

Sasa pima. Nyunyizia matone machache ya maji kwenye uso wa mlango uliofutwa. Maji yakijikusanya na kuwa vitone vya duara vinavyoteleza, bado pana mafuta au nta, osha tena. Yakitandaa na kulowesha uso kwa usawa, pako safi. Pima hasa mahali mikono inaposhika, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi hujikusanya hapo kwa miaka. Sehemu iliyokataa baada ya kuoshwa mara mbili, ifute kwa tambara lenye tapentaini, kisha kwa tambara jingine safi.

Acha milango ikauke kivulini kwa siku nzima, na kama hewa ni nzito, siku mbili. Ikiwa mbao bado zina maji ndani, maji hayo yatatoka baadaye kupitia kwenye rangi yako.

Karabati kabla ya msasa

Gonga kila kiungo na utikise kila mlango. Viungo vilivyolegea vitie gundi ya mbao, uvibane kwa kamba au vibanio mpaka kesho yake. Tazama pia kama kuna vitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake. Hiyo ni dalili ya wadudu watoboao mbao, na ni lazima watiwe dawa kwanza, la sivyo watatoboa na rangi mpya.

Tundu la skrubu lililopanuka, ambalo ndilo huufanya mlango uning'inie upande, lijaze njiti za kiberiti zisizo na baruti zilizochovywa kwenye gundi. Zikikauka, zikate sawasawa na uso. Skrubu itauma kama mwanzo.

Mashimo, mikwaruzo na matundu ya vishikio vya zamani yajaze fila ya mbao kwa kisu cha fila. Jaza kidogo kupita usawa wa uso, kwa sababu fila hunywea ikikauka. Shimo refu lijaze kwa awamu mbili. Kama unataka vishikio vipya vyenye nafasi tofauti ya skrubu, amua sasa, uzibe matundu ya zamani na kutoboa mapya kabla ya kupaka.

Rangi iliyokwisha kuinuka ikwangue mpaka ufike kwenye rangi iliyoshika au kwenye mbao. Kupaka juu ya rangi iliyoachia ni kupaka juu ya hewa.

Msasa una kazi mbili

Kazi ya kwanza ni kusawazisha, na ya pili ni kuupa uso mikwaruzo midogo ambamo praima itajishikilia. Rangi ya zamani inayong'aa haishiki kitu mpaka mng'ao wake uvunjwe.

Kwa rangi ya zamani iliyoshika vizuri huhitaji kuimaliza yote. Anza na msasa namba 120 mahali palipo na mabonde na fila, kisha maliza kote kwa namba 180. Kwa mbao tupu, anza na 120 na umalizie 180. Usiende kwenye namba laini zaidi kabla ya praima. Uso ukiwa laini kama kioo, praima haina pa kushika.

Fuata nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kuzikata, mistari itaonekana hata chini ya mikono mitatu ya rangi. Funga msasa kwenye kipande cha mbao au sponji ngumu ili mkono usichimbe mabonde, lakini kwenye michirizi ya mapambo tumia msasa uliokunjwa. Vaa barakoa ya vumbi, maana vumbi la mninga na mvule huwasha macho na pua.

Ukimaliza, zima taa, washa tochi au mwanga wa simu na uulaze pembeni ya mlango. Kila sehemu inayong'aa ni sehemu ambayo msasa haukupita. Rudi hapo.

Mwisho, ondoa vumbi kwa brashi kavu, kisha kwa tambara lililonyevushwa kidogo kwa tapentaini, au kwa maji kama utatumia rangi ya maji. Fagia chumba na usubiri vumbi litue kabla ya kufungua kopo lolote.

Praima kwa kila mbao

Praima hufanya mambo ambayo rangi ya juu haiwezi: hushika mbao, huzuia utomvu na rangi ya asili ya mbao isipande, na hulipa kabati lote unywaji ulio sawa. Kupaka mikono mitatu ya rangi bila praima hakufidii kitu.

Kwa paini na saiprasi, paka kwanza shelaki kwenye kila fundo, mara mbili. Vipande vya shelaki vilivyoloweshwa kwenye spiriti ndivyo mafundi wa polishi wanavyovitumia, na hukauka ndani ya saa moja au chini yake. Kisha paka praima ya mafuta ya mbao kote.

Kwa mninga, tumia praima ya mafuta inayozuia madoa, au shelaki kote, kisha praima. Usianze na praima ya maji. Kwa msaji na mvule, futa uso kwa tina, na mara tu tina inapokauka paka shelaki, kabla mafuta ya ndani hayajapanda tena. Hiyo shelaki huitenganisha mbao na rangi ya mafuta utakayoweka juu.

Kwa MDF tumia praima ya mafuta, na kingo zipake mara mbili, ukipiga msasa katikati.

Kwa rangi ya zamani iliyoshika, praima ya kushika kwenye nyuso ngumu ndiyo salama, hasa kama unatoka rangi ya mafuta kwenda rangi ya maji.

Praima ikikauka, kwa kawaida kesho yake, pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi. Utasikia uso umegeuka kutoka ukali kuwa ulaini. Futa vumbi. Ukiona doa limepanda juu ya praima, usiendelee. Rudia shelaki hapo, maana doa hilo litapita kila rangi utakayoweka.

Rangi ya mafuta au ya maji?

Rangi ya mafuta, yaani glosi, ni ngumu, hujisawazisha vizuri, inapatikana kila duka na huvumilia kusuguliwa. Udhaifu wake ni harufu, kukauka polepole, na kugeuka njano. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano haraka zaidi mahali pasipofikiwa na mwanga, kwa mfano nyuma ya milango. Ukitaka nyeupe na jiko lako lina giza, chagua rangi ya krimu ambayo mabadiliko yake hayaonekani, au tumia rangi ya maji.

Rangi ya maji inayofaa hapa ni ile ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na milango. Rangi ya maji ya ukutani ni laini, na vyombo vikiigusa huacha alama. Akriliki ya mbao haigeuki njano, haina harufu kali, na brashi huoshwa kwa maji.

Kuhusu mng'ao, chagua glosi au nusu mng'ao. Rangi isiyong'aa hunywa mafuta, na madoa ya manjano na mawese hayatoki humo.

Kadiria kiasi. Milango 10 ya sentimita 40 kwa 70, pande zote mbili, ni mita za mraba 5.6. Ongeza kama mita 3 za fremu na nyuso za droo, unapata karibu 9. Kwa mikono miwili ni mita 18. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 2 za rangi na lita 1 ya praima zinatosha. Nunua zote siku moja na duka moja, hasa kama rangi imechanganywa kwa mashine.

Kupaka

Koroga rangi kwa kijiti bapa kutoka chini, polepole. Usitikise kopo, utaingiza mapovu. Mimina kiasi kwenye chombo kingine kupitia soksi ya nailoni ili kuchuja uchafu, na ufunge kopo. Ukihitaji kulegeza rangi ya mafuta, tumia tapentaini, isizidi sehemu moja kwa kumi. Petroli usiitumie kamwe; hulipuka, na huiharibu rangi.

Tengeneza vituo vya kukaushia: pigilia misumari minne ipenye kwenye kipande cha ubao, uulaze mlango juu ya ncha zake. Paka nyuma kwanza. Ikikauka, geuza upake mbele, ili alama yoyote ya misumari ibaki upande usioonekana.

Kwa mlango wa paneli fuata mpangilio huu: michirizi na kona kwa brashi ya inchi 1 au 2, kisha paneli ya katikati, halafu vipande vya ulalo, mwisho vya wima. Sehemu pana zipake kwa rola ndogo ya sponji ya inchi 4, na mara moja, kabla rangi haijaanza kushika, ipitishie brashi kavu kidogo kwa mpigo mmoja mrefu kufuata nyuzi. Ukishapitisha, acha. Kurudi kusawazisha rangi iliyoanza kukauka ndiko huleta mistari ya brashi.

Chovya theluthi moja tu ya nywele za brashi. Mikono miwili myembamba, hata mitatu, ni bora kuliko mmoja mzito. Mkono mzito hutengeneza ngozi juu huku chini kukiwa kubichi, na mwishowe hujikunja na kuchuruzika kwenye kona. Kagua kona baada ya dakika kumi, futa mchirizi wowote kwa ncha ya brashi.

Kati ya mkono na mkono subiri muda ulioandikwa kwenye kopo; kwa rangi nyingi za mafuta ni saa 16 hadi 24. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, subiri. Kisha msasa namba 240 kwa wepesi, futa, paka tena.

Matambara yaliyolowa rangi ya mafuta usiyarundike. Yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Yatandaze nje au yaloweke majini kabla ya kuyatupa.

Kukauka bado si kuiva

Rangi inayogusika bila kunata bado haijaiva. Rangi ya mafuta huendelea kushikana na oksijeni ya hewa kwa wiki kadhaa, na akriliki nayo huchukua wiki mbili hadi nne kufikia ugumu wake. Rudisha milango baada ya siku 3 angalau, bandika vipira vidogo mahali mlango unapogusana na fremu, na kwa mwezi wa kwanza usisugue wala usitundike taulo bichi kwenye kishikio. Vyombo virudishwe taratibu, na sufuria nzito zisiburuzwe.

Ukimpa fundi kazi

Fundi anayelipwa kwa kazi nzima hupata hasara kila siku anayosubiri rangi ikauke. Ni haki kumfikiria, na ni kwa faida yako. Mlipe kwa hatua: ya kwanza baada ya kuosha na msasa, ya pili baada ya praima, ya mwisho milango ikisharudishwa na kufunga sawasawa. Mweleze mapema kwamba utakagua kabla ya praima, na ukague kweli, kwa matone ya maji na kwa tochi. Kubalianeni pia nani ananunua vifaa, rangi ya aina gani, na mikono mingapi. Fundi mzuri atafurahi kupata mteja anayelipia maandalizi, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi yake ambayo wengi hawaioni.

Matunzo

Futa milango ya karibu na jiko kila wiki kwa tambara laini na maji ya sabuni ya vyombo, kisha kwa tambara kavu. Usitumie chuma cha kusugulia masufuria wala dawa kali ya kung'arisha nguo. Mkwaruzo unaofika kwenye mbao uzibe upesi, hasa chini ya sinki, kabla maji hayajaingia. Kwa ajili hiyo hifadhi rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo ya kioo iliyojaa mpaka juu, isiwe na hewa, uandike tarehe, jina na namba ya rangi. Kila mwaka kaza skrubu za bawaba na ukague zile kingo za chini. Zikiwa nzima, kabati lote ni zima, na utakapotaka rangi nyingine miaka ijayo utaosha, utapiga msasa namba 180 na kupaka, bila kukwangua chochote.